Joto la Vifaranga Lisikatike Usiku

Watu wengi wa Pwani husema kwamba baridi ni ya Limuru na Kinangop, siyo ya kwetu. Kwa mtu mzima mwenye shuka yake maneno hayo ni kweli. Kwa kifaranga wa siku moja si kweli hata kidogo. Mkulima anayenunua vifaranga mwezi wa Mei au Juni, upepo wa kusi unapovuma na mvua ya masika haijakatika, aweza kufunga mlango jioni wakiwa wote wazima, na alfajiri akakuta kundi limelaliana pembeni, wale wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Hawakuugua. Walikuwa wanatafuta joto.

Yafaa ujue hesabu yenyewe. Katika juma lake la kwanza kifaranga anataka joto la digrii 32 hadi 35 pale alipo, yaani karibu na mgongo wake, si pale kilipo kichwa chako. Usiku wa Julai hapa Diani na Msambweni joto hushuka hadi karibu digrii 20, na wewe uliye katika skimu ya Shimba Hills, ambako mahali pengi hupita futi 1,000 juu ya bahari, unapata chini ya hapo, tena pamoja na ukungu wa asubuhi. Basi zinapungua digrii 12 au zaidi, nazo ni lazima zitoke kwako. Kila juma waweza kupunguza yapata digrii 3, mpaka manyoya yamtoke vizuri.

Kifaranga bado hana nguvu ya kujipasha moto mwenyewe. Katika siku zake za kwanza hali yake yakaribia ya nyoka, ambaye mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Katika nchi za baridi wako watu wanaofuga nyoka nyumbani, ndani ya sanduku. Waweza kuona ni kazi ya ajabu, lakini jambo hili wanalijua sana. Huweka upande mmoja wenye joto na mwingine wenye ubaridi kidogo, ili nyoka achague mwenyewe, nao huangalia kwamba joto lile halipandi na kushuka ovyo. Kuku wako anataka vivyo hivyo: joto lisilokatika, na nafasi ya kulisogelea au kulikimbia.

Kwa hiyo usiwaweke vifaranga katika pembe za chumba. Zungusha jamvi au makaratasi magumu ya maboksi kama duara, kimo cha futi moja na nusu. Kwa vifaranga 100 duara la futi 5 au 6 toka upande hadi upande latosha kwa kuanzia, nawe utalipanua wakikua. Duara halina pembe ya kurundikana, na jamvi huzuia upepo unaotambaa sakafuni. Upande wa kusini wa banda uzibe vizuri zaidi, kwa maana ndiko upepo unakotoka miezi hiyo. Lakini juu, chini ya paa, acha wazi. Sakafuni tandika pumba za mpunga au maranda ya mbao, unene wa inchi 2 au 3, na palipolowa paondoe siku ile ile, kwa kuwa tandiko bichi hunyonya joto.

Sasa tuje kwenye moto, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu huwasha jiko moja kubwa la mkaa saa mbili ya usiku, likawaka sana hata vifaranga wakahema na kukimbilia ukingoni. Kufika saa tisa limekuwa jivu. Waliochoka kwa joto sasa wanapigwa na baridi, nayo baridi huzidi mpaka alfajiri. Ni afadhali majiko mawili madogo ya udongo, yawekwe pamoja katikati ya duara. La kwanza liwashwe magharibi, la pili saa tano ya usiku, hata moja likishuka lingine liko juu. Mkaa ukiisha kuwa mwekundu ufunike kwa jivu ili ule polepole. Zungusha matofali ya udongo, kwa kuwa hushika joto na kulitoa kidogo kidogo, na nje yake weka wavu wa waya ili kifaranga asiungue.

Jiko liwashiwe nje, liingizwe moshi ukiisha. Lakini kwisha moshi si kwisha hatari. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua kuku na watu pia. Ndiyo sababu nilisema juu paachwe wazi. Na usimlaze mtoto ndani ya banda ili alinde moto! Aamke, aangalie, atoke.

Mwenye umeme hutumia taa ya joto ya wati 250, ining'inizwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wenyewe, kimo cha futi moja na nusu hadi mbili, mbali na makuti. Ni nzuri, ila umeme hukatika usiku wa mvua. Jiko liwe tayari.

Asiye na mkaa wa kutosha asikate tamaa. Tengeneza sanduku la futi 2 kwa 2, lenye matundu ya hewa ubavuni na kilango kidogo. Juu yake weka gunia lililojazwa sufi, likae juu ya fito ili lisiwaguse. Vifaranga 30 wakilala humo hupashana joto wenyewe, na sufi hulizuia lisitoroke. Misufi tunayo kila kijiji, na watu huiwaza mito tu. Lakini katika juma la kwanza, usiku wa mvua, uliweke sanduku karibu na jiko.

Kipimajoto ni kitu kizuri. Kining'inize inchi 2 juu ya tandiko, upime karibu na moto, kisha ukingoni. Usipokuwa nacho, wasome vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya moto na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, ni joto mno. Wakijazana upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili, tafuta tundu. Wakilala wametawanyika duara zima, kimya, umefaulu.

Usiku wa kwanza washa moto saa nyingi kabla hawajafika, tandiko nalo lipate joto. Kisha amka saa tisa na tochi yako. Ukimkuta aliyepoa na kulegea, mtie ndani ya kikapu chenye kitambaa kikavu, umweke karibu na jiko. Akisimama, mchovye mdomo katika maji ya vuguvugu, umrudishe kwa wenzake.