Makaratasi yameisha Tunduma, kijana ataanzia wapi?

Kabla mifumo ya kielektroniki haijaenea, kijana wa Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia, aliyemaliza kidato cha nne bila mjomba ofisini alikuwa na njia moja ya kuingia kwenye kazi ya forodha: miguu yake. Wakala alimkabidhi faili lenye ankara ya mzigo, orodha ya vilivyofungashwa na hati ya usafirishaji, naye akaanza kukimbia. Benki kulipia. Dirishani kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kugongewa muhuri. Kwa watu wa viwango, kwa watu wa afya ya mimea kama mzigo ni mazao, kurudi ofisini kwa sababu tarakimu moja ya namba ya gari imekosewa, kisha kuvuka hadi Nakonde kuanza upya mbele ya maofisa wa Zambia. Malipo yalikuwa posho: chakula cha mchana na elfu chache jioni.

Kwa mwendo huo akajifunza kazi. Baada ya muda alijua mzigo gani unaangukia fungu gani la ushuru, nyaraka gani hukataliwa na kwa nini, na jinsi ya kuzungumza na dereva aliyechoka kulala kwenye foleni. Siku mwandishi wa matamko ya forodha alipougua, kijana alikalishwa kwenye kompyuta. Hapo ndipo alipoanza kuitwa wakala, na wapo waliofika hadi kusajili kampuni zao.

Tusiupambe sana mlango huo. Ndio uliowapitisha vishoka, wale wanaojiita mawakala bila leseni, wanaopokea hela ya mfanyabiashara na kuzima simu. Ndio uliowalea wapiga dili wa kupenyeza bahasha. Mfanyabiashara mdogo aliyepeleka mchele Zambia hakuwa na sababu ya kuupenda. Lakini ulikuwa wazi, na hakuna aliyeulizwa cheti.

Makaratasi yaliondoka kwa awamu. Mwaka 2014 TRA ilianza kutumia TANCIS, mfumo wa forodha uliojengwa kwa teknolojia ya Korea Kusini, ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa ASYCUDA++. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa malipo ya serikali, na kontrol namba ikaanza kuchukua nafasi ya stakabadhi za kuandikwa kwa mkono. Oktoba 5, 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia wakazindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde. Tangu hapo gari liendalo Zambia husimama upande wa Zambia tu, ambako maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja, na linalorudi husimama upande wetu. Ukaongezwa mfumo wa dirisha moja la kielektroniki, unaoziunganisha TRA na taasisi nyingine zinazotoa vibali. Shehena inayopita nchini kwenda Lusaka au Lubumbashi sasa hufungwa lakiri za kielektroniki, na anayeifuatilia anaweza kuwa amekaa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, akitazama nukta inayotembea kwenye skrini.

Tamko la forodha linaweza kukamilika kabla lori halijafika mizani ya Mpemba. Kwa mwenye mzigo hiyo ni neema. Kwa kijana wa faili, ofisi alizokuwa akizizunguka zimehamia ndani ya mashine, na mashine haihitaji mtu wa kuikimbilia.

Lakini Tunduma haijapungukiwa na shughuli. Sensa ya 2012 iliuhesabia mji huu watu karibu 98,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 219,000. Mji hauongezeki zaidi ya maradufu kwa miaka kumi kama hakuna riziki. Malori yapo, mahindi yapo, kwacha na shilingi zinabadilishana mikono. Vijana nao wamepata vibarua ambavyo baba zao hawakuvijua: uwakala wa fedha za simu chini ya mwavuli, ufundi simu, kufunga kamera za ulinzi kwenye maghala, kupakia video za maduka kwenye TikTok, na kazi ya steshenari, ambayo nitairudia hivi punde.

Julai 28, 2025, serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwamo uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na uwakala wa forodha. Kwa mji wa mpakani, ambako ndugu wa ukoo mmoja wa Kinyamwanga wanaishi pande mbili za mstari, amri hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini atakayedhani imemrudishia kijana wetu faili lake amekosea adui. Aliyemtoa kazini si Mzambia wa Nakonde.

Jambo hili la wanaoanza kufungiwa mlango limekwisha kutokea kwingine Afrika, tena kwa wasomi wa kompyuta wenyewe. Andela, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014, ilijipatia sifa kwa kuchukua vijana wenye vipaji Lagos, Nairobi na Kampala, kuwafundisha kuandika programu huku ikiwalipa, kisha kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Septemba 2019 ilitangaza kwamba wateja hawataki tena wachanga, wanataka wazoefu. Vijana takriban 400 katika nchi tatu wakaguswa na uamuzi huo. Tazama mwaka: ni miaka mitatu kabla ya ChatGPT kuonekana Novemba 2022. Akili mnemba haikuuanzisha mchezo huu, ila sasa imeuongezea kasi. Kazi ndogondogo za programu, kama kurekebisha kosa dogo, kuandika majaribio na kupanga data, ndizo walizopewa wanaoanza, na ndizo mashine inazozimudu upesi. Ni ngazi iliyong'olewa vipago vya chini: waliokwisha kupanda wako salama juu, na walio chini wanaambiwa warukie cha tano.

Tangazo la kazi husema vilevile kwa lugha yake: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Kijana anasoma, anajiuliza hiyo mitatu ataipata wapi ikiwa kila mlango unaidai kwanza.

Sasa twende steshenari. Katika mitaa ya Tunduma, kama ilivyo Vwawa na Mlowo, chumba chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na bango la "tunaomba kazi na mikopo mtandaoni" ndicho ofisi ya ajira ya mtaa. Humo mtu huja na namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti na barua iliyoandikwa kwa mkono, akatoka ameshaomba kazi kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayemjazia anajua mambo ambayo hayafundishwi darasani: faili likizidi ukubwa mfumo unalikataa, jina la cheti cha kidato cha nne lisipolingana na la NIDA maombi yanakwama, usiku wa manane mtandao huwa mwepesi. Si ajabu mjazaji huyo awe naye ana stashahada ya TEHAMA, na maombi yake mwenyewe yamo kwenye foleni ileile.

Foleni hiyo ni ndefu kuliko ya malori. TRA ilipotangaza nafasi 1,596 na kuita watu kwenye usaili mwishoni mwa Machi 2025, waombaji walikuwa 135,027. Ni watu 84 na zaidi kwa kiti kimoja. Mimi naupendelea mfumo wa portal kuliko kikaratasi cha mheshimiwa. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi ana haki ya kupimwa kwa mtihani uleule na mtoto wa mkurugenzi. Ila portal inapima cheti na majibu. Haimwoni kijana anayejua kwa nini tamko fulani litarudishwa kwa sababu aliwahi kurudishiwa la namna hiyo mara ishirini.

Pengo hilo la pa kuanzia likiachwa wazi, matapeli huliziba. Mwanzoni mwa 2025 mtandao wa LBL uliwavuta Watanzania kwa ahadi ya malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, mradi mtu atangulize fedha zake. Februari mwaka huo Polisi ilikamata watu katika mikoa kadhaa kwa tuhuma za kuendesha upatu huo. Wengi walioliwa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walioambiwa kwa miaka kwamba kazi ziko mtandaoni, wakaenda kuzitafuta huko.

Na mtandao wenyewe una mwenyewe. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilichukua siku kadhaa kurudi. Machinga wa nyanya alihangaika, lakini mzigo wake aliushika mkononi. Mwenye steshenari, anayeuza kupitia WhatsApp na dereva wa programu za usafiri hawakuwa na cha kushika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unavuka hapahapa Tunduma kuingia Zambia; kupitiwa na waya hakuufanyi kuwa wako.

Kifanyike nini? Mafunzo yapo. Chuo cha Kodi kinafundisha cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, lakini kiko Dar es Salaam, na nauli na pango vinammaliza kijana wa Chapwa kabla ya ada. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko kilomita zipatazo 100 kutoka mpakani, na wahitimu wake wa kompyuta wanahitaji mahali pa kushika kazi halisi. Serikali ina miongozo ya uanagenzi na ya mafunzo ya uzoefu kazini tangu 2017. Kinachokosekana ni mwajiri anayelazimika kuifuata.

Hapo TRA ina nguvu ambayo haijaitumia. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, leseni ya wakala huisha Desemba 31 kila mwaka, na kila kampuni hurudi kuomba upya. Kwenye fomu hiyo uongezwe mstari mmoja: kampuni itaje mwanagenzi iliyemchukua mwaka uliopita, posho aliyolipwa na matamko aliyoandika chini ya usimamizi. Nchi zote za jumuiya zitalazimika kukubaliana, na mawakala watalalamikia gharama. Walalamike, lakini waandike jina.