Kabla ya kurusha teke, mwili uwe tayari

“Daktari, weka sahihi hapa tu. Mwalimu anataka fomu leo jioni.”

Maneno haya nayasikia mara kwa mara katika kliniki yangu, hasa shule zinapofungwa. Mzazi huja na mtoto aliyeamua kujiunga na mafunzo ya tekwondo, ule mchezo wa kujikinga uliotoka Korea. Mkononi ana fomu inayomtaka daktari athibitishe kwamba kijana ana afya njema. Mzazi huwa na haraka, foleni ni ndefu, na kijana mwenyewe anaonekana mzima kama kigongo.

Miaka kadhaa iliyopita nilitia sahihi ya aina hiyo. Kijana, ambaye nitamwita Otieno ingawa si jina lake halisi, alikuwa na umri wa miaka 19 na uzani wa kilo 62. Nilimpima shinikizo la damu, nikasikiliza moyo na mapafu, nikaandika kwamba yuko sawa. Sikumwuliza angeshindana katika uzani upi.

Siku nne baadaye aliletwa kwangu akiwa ameshikwa na wenzake wawili. Ulimi ulikuwa umekauka, moyo ulikuwa ukienda mbio, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya strungi. Alikuwa ameandikishwa katika kundi la wasiozidi kilo 58. Kwa siku mbili hakuwa amekula chochote isipokuwa vipande vya chungwa, wala hakunywa maji, na kila mchana alikimbia juani akiwa amevaa sweta mbili na koti la mvua. Tulimwekea dripu na kumpeleka hospitali, ambako figo zake zilichunguzwa. Alipona, lakini tangu siku hiyo siweki sahihi kwa haraka.

Mchezo unadai nini?

Jina tekwondo linaunganisha maneno matatu ya Kikorea: teke, ngumi na njia. Makao yake makuu, Kukkiwon, yalifunguliwa jijini Seoul mwaka wa 1972. Mchezo huu ulionyeshwa katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988 na Barcelona mwaka wa 1992, kisha ukaanza kutuzwa medali rasmi huko Sydney mwaka wa 2000. Hapa kwetu wengi wanamkumbuka Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika mwaka wa 2021, katika uzani wa zaidi ya kilo 67.

Pambano huwa la raundi tatu za dakika mbili kila moja, na mapumziko ya dakika moja katikati. Msomaji anaweza kusema kwamba dakika mbili si kitu. Jaribu kuruka kamba kwa kasi dakika mbili, pumzika moja, kisha rudia mara mbili zaidi. Utaona jinsi moyo unavyodunda karibu na kikomo chake. Kwa makadirio, kikomo hicho hupatikana kwa kutoa umri wako kutoka 220. Mtu wa miaka 20 ana kikomo cha mapigo 200 kwa dakika, na wa miaka 45 ana 175.

Kwa hivyo anayetaka kuanza tekwondo ahitaji kwanza pumzi. Ikiwa umekaa ofisini miaka mingi, anza kwa kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki chache changanya na mbio za polepole na kuruka kamba.

Jambo la pili ni nguvu za misuli. Teke huanzia kiunoni wala si kwenye mguu pekee. Misuli ya tumbo, mgongo, makalio na mapaja ndiyo inayousukuma mguu na kukuwezesha kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Kuchuchumaa na kuinuka, presapu na mazoezi ya tumbo yanatosha kwa anayeanza, na hayahitaji vyuma vya bei ghali.

Jambo la tatu ni unyumbufu wa viungo. Hapa ndipo wengi huumia. Mtu huona mwenzake akirusha teke hadi kichwani, naye hujaribu siku ya kwanza. Misuli ya nyuma ya paja huvutika ghafla na kuchanika, na kazi ya jioni moja humlaza nyumbani kwa wiki kadhaa. Pasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15 kwa kukimbia polepole na kuchezesha miguu. Kunyoosha misuli kwa utulivu, kila mnyoosho kama sekunde 30, kufanywe mwisho wa mazoezi mwili ukiwa bado una joto. Usimruhusu mtu akusukume kwa nguvu mgongoni ili miguu ipanuke. Unyumbufu huja kwa miezi, na haba na haba hujaza kibaba.

Nani achunguzwe zaidi?

Mwone daktari kabla ya kuanza ikiwa umewahi kuzirai au kuumwa na kifua ukifanya mazoezi, au ikiwa kuna jamaa wa karibu aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya kufikia miaka 50. Waliopita miaka 40, hasa wenye shinikizo la damu, kisukari au wanaovuta sigara, nao wapimwe.

Ugonjwa wa pumu haumzuii mtoto kucheza ikiwa umedhibitiwa, mradi awe na dawa yake ya kuvuta karibu na mwalimu ajue. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anahitaji uangalifu mkubwa, kwa maana kuishiwa na maji na kuchoka kupita kiasi kunaweza kumletea maumivu makali. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kuhusu mapigano. Wengi wa hawa bado wanaweza kujifunza poomsae, yaani mitindo iliyopangwa ambayo mtu huifanya bila kupigana na mtu, na kupanda mshipi baada ya mshipi.

Kichwa hakina vipuri

Katika mashindano, ngumi kifuani ni pointi moja, teke kifuani ni pointi mbili, na teke la kichwa ni pointi tatu. Si ajabu basi kwamba kila mchezaji hulenga kichwa. Kofia ya kinga husaidia kuzuia majeraha ya ngozi na mifupa, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Mtu aliyepigwa kichwani kisha akachanganyikiwa, akatapika, akaumwa na kichwa au akaona mawimbi, aondolewe uwanjani papo hapo na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi hatua kwa hatua kwa idhini ya daktari. Akizidi kusinzia, akitapika tena na tena, au akipata degedege, akimbizwe hospitali. Mzazi, muulize mwalimu kama watoto wadogo huruhusiwa kupigana mateke ya kichwa. Mimi wangu nisingemruhusu.

Kwa kifundo kilichoteguka, pumzisha mguu, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji na uinue mguu. Usikande kwa maji moto wala kusugua dawa kali siku mbili za kwanza. Usipoweza kukanyaga hatua nne, nenda upigwe picha.

Uzani na chakula

Narudi kwa Otieno. Mwaka wa 1997, huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki katika muda wa wiki chache tu wakijaribu kupunguza uzani kwa njia kama yake. Mwaka uliofuata kanuni za mchezo huo vyuoni zilibadilishwa. Kilo zinazotoka kwa jasho si mafuta, ni maji, na maji hayo ndiyo damu hutumia kuupoza mwili na kuzilisha figo. Mwenye kiu huchoka mapema, na teke lake hukosa kasi.

Anayetaka kupungua aanze miezi kabla ya shindano, apunguze vibanzi, soda na mandazi, na asipoteze zaidi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mtoto anayekua asipunguzwe kabisa. Aingie katika uzani alio nao. Ugali, maharagwe, omena, mayai, sukuma wiki na ndizi ni chakula tosha cha mpiganaji. Kula saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, na unywe maji hadi mkojo uwe na rangi hafifu.

Tekwondo ni mchezo mzuri. Nimeona watoto wanyonge wakipata pumzi, usingizi na nidhamu kutokana nao. Ila mwili haudanganywi kwa sahihi ya daktari. Siku hizi mzazi akiniletea fomu, naiweka mezani, navuta kiti, na swali langu la kwanza kwa kijana ni hili: “Una kilo ngapi, na wanataka upigane ukiwa na ngapi?”