Fundi wa Jioni, Baridi ya Kipupwe na Jiko la Mkaa



Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma na kipupwe hushika. Sisi tunaokaa pwani, kuanzia Mikindani na Msimbati hadi kule mdomoni mwa mto Ruvuma, hujitanda kanga ya pili alfajiri, na jua likipanda tunasahau. Lakini kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, walio juu katika Uwanda wa Makonde unaofikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni ya kweli. Anayekaa karibu na Shimo la Mungu hahitaji kuelezwa.

Baridi hiyo huwasumbua hasa mafundi wa jioni. Katika familia nyingi baba ni mwalimu au mkulima wa korosho mchana, na usiku ni seremala, fundi baiskeli au mchonga vinyago vya mpingo. Mama naye hushona nguo. Karakana yao ni banda la nyuma ya nyumba, au chumba kinacholazwa pikipiki. Kazi yenyewe ni ya saa mbili au tatu. Vidole vikifa ganzi patasi huteleza na kumkata mtu, kwa hiyo fundi ana haki ya kutafuta joto. Swali ni hili: atafute joto lipi?

JIKO LA MKAA

Hili ndilo lililo karibu, na ndilo la hatari kuliko yote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Hapo mwili hukosa hewa ingawa mtu bado anapumua.

Wengi husema mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ni salama. Si kweli. Moshi umekwisha, lakini sumu inaendelea kutoka. Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko, au hunyunyiza chumvi juu ya makaa. Maji hayainyonyi hewa hii, na chumvi haiizuii.

Hatari kubwa zaidi huja kazi ikiisha. Fundi huona mkaa uliobaki usipotee, akalichukua jiko na kuliingiza chumba wanacholala watoto, kisha akafunga mlango na dirisha. Tafadhali, msifanye hivyo hata usiku mmoja. Anayelala hasikii dalili, na anaweza asiamke.

MAFUTA YA TAA, GESI NA JENERETA

Jiko la mafuta ya taa na jiko la gesi pia hutoa sumu hiyo katika chumba kisichopitisha hewa, na hayakutengenezwa kwa kupasha nyumba joto. Jenereta ya petroli ni mbaya zaidi. Isiwashwe bandani wala barazani. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani, na moshi wake uelekee mbali na nyumba. Pikipiki nayo isiachwe ikiunguruma ndani.

Tena kumbukeni kuwa karakana ina maranda, vumbi la mbao, vanishi na petroli. Cheche moja yatosha kuteketeza banda na nyumba.

HITA YA UMEME

Hita ya umeme haitoi sumu hiyo, lakini ina masharti. Iwekwe mita 1 au zaidi kutoka kwa kitu chochote kinachoweza kuungua. Ichomekwe ukutani peke yake, si katika waya wa kuunganisha unaobeba pia msumeno na taa. Izimwe fundi anapotoka. Gharama yake mwaweza kuihesabu wenyewe: hita ya wati 1,000 hula uniti 1 kwa saa. Saa 2 kila jioni kwa jioni 20 ni uniti 40.

NJIA NILIYO TAYARI KUISHAURI

Kwa kazi ya saa mbili, kupasha banda zima joto ni hasara. Mpasheni fundi mwenyewe. Avae sweta, soksi na kofia, kwani upepo unaoingia shingoni na miguuni ndio unaotetemesha. Akanyage ubao au mkeka badala ya sakafu tupu. Zibeni nyufa za upande wa kusi, lakini acheni dirisha la upande wa pili wazi. Chai ya moto iwe kwenye chupa. Gundi na vanishi vikaushwe nje juani mchana. Fundi cherehani anayetumia pasi ya mkaa aiwashie nje, na apige pasi penye mlango wazi.

Mwenye kulazimika kuota moto auote nje, akirudi ndani aache makaa huko huko.

DALILI

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa nguvu. Mnaona zinavyofanana na malaria. Shukuni sumu ikiwa hakuna homa, ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wameugua pamoja, au mgonjwa akipata nafuu anapotoka nje.

Fungueni mlango na madirisha, mtoeni mgonjwa nje haraka, halafu mleteni hospitali. Msimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka damuni kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua saa 1 hadi 1 na nusu. Mama mjamzito aletwe hata kama anajisikia vizuri, kwa kuwa mtoto tumboni huumia zaidi yake.

Na mkifika, tuambieni wazi kwamba kulikuwa na jiko au jenereta. Kile kifaa tunachobana kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi oksijeni na sumu hii, kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini. Neno lenu moja hutuonyesha njia.

Zungumzeni jambo hili katika jumuiya zenu, na leo jioni kabla ya kulala hakikisheni jiko liko nje.