Hoki ya Barafu: Nahodha Anapovua Jezi na Kushika Bajeti

Mwaka 1982 Mike Ilitch, mwenye migahawa ya piza ya Little Caesars, aliinunua klabu ya hoki ya barafu ya Detroit Red Wings kwa dola milioni 8 za Marekani. Ilikuwa bei ya mali iliyochakaa. Timu ilifungwa mfululizo na viti vilibaki vitupu, hata Ilitch akawa anatoa gari kwa bahati nasibu kwenye mechi za nyumbani ili watu waje. Mwaka uliofuata, katika uteuzi wa chipukizi wa ligi, klabu ilimtaka Pat LaFontaine, kijana aliyekulia Michigan, jimbo la Detroit, lakini New York Islanders wakawahi kumchukua. Detroit, waliokuwa wa nne kuchagua, wakamchukua Mkanada wa miaka 18, Steve Yzerman.

Anayetaka kuelewa jinsi fedha zinavyozunguka katika NHL, ligi kuu ya mchezo huo yenye timu 32 za Marekani na Kanada, atafaidika kuifuata kazi ya mtu huyu. Alicheza kwa misimu 22 katika klabu moja, na akawa nahodha akiwa na miaka 21. Katika msimu wa 1988–89 alifunga mabao 65 na kutoa pasi 90 za mabao. Kisha mwaka 1993 akaja kocha Scotty Bowman, aliyemtaka mfungaji wake bora ajifunze kuzuia kwanza. Takwimu za Yzerman zikashuka, na katikati ya muongo huo zikavuma habari kwamba angepelekwa Ottawa. Alibaki, akabadili uchezaji wake, na mwaka 1997 Detroit ikatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa ligi, baada ya kulikosa kwa miaka 42. Ikalitwaa tena 1998 na 2002.

Soko la mchezo huu halifanani na la soka. Klabu hazinunuliani wachezaji kwa ada za uhamisho. Hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au kwa haki ya kuchagua chipukizi katika uteuzi wa kila mwaka, ambamo timu zilizofanya vibaya hutangulia. Nyota Mkanada Wayne Gretzky alipohamishwa kutoka Edmonton kwenda Los Angeles mwaka 1988, dola milioni 15 taslimu zilizoambatana na dili hilo ziliwashtua Wakanada kama msiba wa taifa, na si kwa sababu ya ukubwa wa jina lake tu.

Hadi mwanzoni mwa karne hii mwenye fedha nyingi alilipa alivyotaka, na Detroit ilikuwa miongoni mwa walipaji wakubwa. Hilo lilikoma baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango na msimu mzima wa 2004–05 kufutwa. Ligi iliporudi ilikuja na kikomo cha mishahara: kila timu isizidishe dola milioni 39 kwa wachezaji wake wote. Kikomo hicho hupanda kufuata mapato, ambayo tangu 2013 wachezaji na wamiliki hugawana nusu kwa nusu. Msimu wa 2025–26 kilifika dola milioni 95.5.

Hapo ndipo meneja mkuu alipopata uzito ambao hakuwa nao zamani. Ikiwa kila klabu ina fungu linalokaribiana, ushindi unategemea nani anapata mchezaji bora kwa bei ndogo. Na mchezaji wa bei ndogo ni chipukizi, kwa sababu mkataba wake wa kwanza una mshahara uliowekewa ukomo, hata akiwa tayari anacheza kama nyota.

Yzerman alistaafu 2006 na hakukimbilia uongozi wa juu. Alikaa kwenye ofisi za Detroit kama makamu wa rais, akijifunza kazi chini ya waliomtangulia, kisha mwaka 2010 akawa meneja mkuu wa Tampa Bay Lightning. Aliwakuta nyota Steven Stamkos na Victor Hedman tayari wapo. Hao hawakuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa Nikita Kucherov, aliyechaguliwa wa 58 mwaka 2011, na Brayden Point, wa 79 mwaka 2014. Wachezaji kama hao, waliokwisha kupitwa na timu nyingi kabla ya kuchaguliwa, ndio waliojenga timu iliyotwaa kombe 2020 na 2021. Yzerman alikuwa ameshaondoka, lakini hesabu ilikuwa yake.

Uamuzi wake mwingine mzuri ulikuwa wa kocha. Mwaka 2013 alimpandisha Jon Cooper, mwanasheria ambaye hakuwahi kucheza hoki ya kulipwa ila alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi ya chini akiwa na Norfolk. Mfano huo una uzito mkubwa kwa sababu ligi hii imewahi kuamini kwamba jina kubwa linatosha kufundishia. Gretzky, mfungaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, aliifundisha Phoenix kwa misimu minne na hakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Klabu yenyewe ikaishia kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2009. Kwa upande mwingine, Rod Brind'Amour, nahodha wa Carolina iliyotwaa kombe 2006, alikaa miaka kadhaa kama kocha msaidizi kabla ya kukabidhiwa timu mwaka 2018, na amefanikiwa. Tofauti ninayoiona ni uanagenzi. Isitoshe, mishahara ya makocha haihesabiwi ndani ya kikomo, hivyo klabu inayobana matumizi kwenye benchi la ufundi inajinyima eneo ambalo fedha bado zinaweza kununua ubora.

Mcheza kwao hutunzwa, na Aprili 2019 Detroit ilimrudisha Yzerman kama meneja mkuu kwa shangwe. Alikuta timu dhaifu ndani ya uwanja mpya uliofunguliwa 2017, uliojengwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, sehemu yake ikiwa fedha za umma, katika jiji lililokuwa limetangaza kufilisika mwaka 2013. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila matokeo ya timu yanapojadiliwa, kwa kuwa mlipakodi pia ana hisa yake humo.

Bahati haikumsaidia. Mwaka 2020 Detroit ilishika mkia, lakini bahati nasibu inayopanga wanaotangulia kuchagua katika uteuzi ikaishusha hadi nafasi ya nne, ambako alimchukua Lucas Raymond. Moritz Seider alikuwa ameshachaguliwa 2019. Septemba 2024 aliwafunga wote wawili kwa mikataba mirefu, Seider kwa dola milioni 8.55 kwa mwaka na Raymond 8.075, kabla kikomo hakijaanza kupaa. Hiyo ni biashara safi. Tatizo liko kwa wachezaji wa umri mkubwa aliowasajili kuziba mapengo, ambao hawakuivusha timu. Katika misimu yake sita ya kwanza Detroit haikufika hatua ya mtoano, na mwishoni mwa 2024 ilimfukuza kocha Derek Lalonde katikati ya msimu.

Meneja mwingine angekuwa ameshafutwa kazi. Jina la nahodha limemnunulia muda, na muda huo ni gharama kwa klabu kama mshahara wowote ule. Kwa hesabu za kazi pekee, Tampa ilipata faida kamili kutoka kwa Yzerman. Detroit, hadi mwisho wa msimu wa 2024–25, ilikuwa bado haijaipata.