Maji Moto kama Kinga ya Minazi na Mikorosho katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika mashamba ya pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, mnazi na mkorosho aghalabu huota jirani, ilhali udhibiti wa wadudu wake hujadiliwa kana kwamba kila mti una shamba lake. Makala haya yanamtazama mdudu mmoja anayeilinda miti yote miwili, yaani maji moto (Oecophylla longinoda), sisimizi ashonaye majani kwa hariri ya mabuu wake.

Adui wa mnazi ni kunguni Pseudotheraptus wayi. Mate yake huua tishu za kidaka, nacho hudondoka kabla ya kuwa kitale. Kinachosalimika hukua na makovu. Mkulima aonaye vidaka vimetapakaa chini huweza kulisingizia jua. M. J. Way, aliyefanya utafiti Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba minazi yenye maji moto wengi hupoteza vidaka vichache. Jina la kunguni huyo linamkumbuka yeye. Kwenye mkorosho, maji moto huwawinda kunguni hao pamoja na wa jenasi ya Helopeltis, wanaofyonza machipukizi na maua hata yakakauka.

Hata hivyo, kuwaleta maji moto shambani hakutoshi. Sisimizi wadogo wa ardhini, Pheidole megacephala, hupanda shinani, huwafukuza, kisha wao wenyewe hawamzuii kunguni. Ndiyo maana kundi linalohamishiwa mti mpya huunganishwa na miti jirani kwa kamba, lisilazimike kupita chini. Wakulima wa michungwa kusini mwa China walikwisha kuwatumia sisimizi wa jenasi hiyohiyo tangu karne ya 4. Dosari yao moja ni kwamba huwatunza wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni mkwezi. Korosho iliyokomaa huanguka ikaokotwa, bali nazi huangushwa na mtu aliye juu, naye akiumwa hudai kiota kichomwe kwanza. Viuatilifu vya kupuliza navyo huua mlinzi pamoja na adui, na kunguni wanaporejea huukuta mti mtupu. Kwa hiyo majaribio ya Kilwa yaanzie kwenye mikorosho, na kwa minazi malipo ya ukwezi yajumuishwe katika hesabu ya gharama tangu mwanzo.