Mgongo Unauma: Nani Aushike?

Mada: Maumivu ya mgongo, misuli na viungo
Sauti: Mtangazaji, Mtaalamu wa fiziotherapia, Mama msikilizaji, Baba msikilizaji, Dada msikilizaji

(Muziki wa ufunguzi, sekunde 15, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Wewe uliye Nyarugusu, wewe wa Kakuma, wa Nakivale na wa Mahama, popote redio yako ilipo, karibu. Leo tunazungumza juu ya maumivu yanayojulikana karibu kila nyumba: mgongo, kiuno, magoti, mabega na shingo. Ukiumwa, nani akushike? Na ni wakati gani asikushike mtu yeyote mpaka uonwe hospitali? Tuanze na mama huyu kutoka kikundi kimoja cha wasikilizaji.

MAMA: Mimi nachota maji mara nne kwa siku. Dumu la lita 20 kichwani, mtoto mgongoni. Siku moja niliinama kuwasha moto, nikasikia kiuno kama kimekatika. Jirani akanikanda kwa mafuta ya mawese, nikapata nafuu usiku ule. Kesho yake akasema mfupa umehama, lazima urudishwe. Akamwita kijana wake anikanyage mgongoni. Nililia mpaka watu wakaja. Sasa ni wiki mbili nimelala mkekani, na watoto ndio wanaochota maji. Shule hawaendi.

MTANGAZAJI: Pole sana, mama. Tuko na mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya kambi. Karibu, daktari.

MTAALAMU: Asante, dada. Wengi wananiita daktari, lakini mimi si daktari. Kazi yangu ni kumsaidia mtu atembee, ainame, abebe na alale bila kuteseka. Natumia mazoezi, mikono yangu na ushauri. Waliotoka Kongo na Burundi wengi wanatuita "kine".

MTANGAZAJI: Yule mama, mfupa wake ulihama kweli?

MTAALAMU: Kwa alivyoeleza, sidhani. Mifupa ya uti wa mgongo imeshikwa na mishipa migumu na misuli mingi. Haihami kwa kuinama tu. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukibeba mara nne kila siku, misuli inachoka, inakaza, kisha siku moja jambo dogo linaiamsha. Maumivu ni makali, mtu anaweza kushindwa kusimama, lakini mara nyingi hakuna kilichovunjika.

Na si sisi wa kambini peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Katika kila watu 10, karibu 9 hawakutwi na ugonjwa maalumu wala mfupa mbovu. Hao kwa kawaida hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache, wakiendelea kujongea.

MTANGAZAJI: Wakiendelea kujongea? Mimi nilidhani dawa ya mgongo ni kulala.

MTAALAMU: Ndivyo wengi tulivyofundishwa. Siku moja au mbili za kupumzika si mbaya. Ukizidisha, misuli inalegea, viungo vinakaza, na maumivu yanakaa zaidi. Mama yetu, wiki mbili mkekani zimemwongezea shida. Mtu mwenye kiuno anatakiwa aamke, atembee kidogo, apumzike, atembee tena.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Kuna dada ametuletea swali. Tumsikilize.

DADA: Ndugu yangu alihamishiwa Marekani. Ananiambia kwenye simu kwamba mgongo wake unatibiwa na osteopathi. Huyo ni daktari gani? Na sisi huku tutampata wapi?

MTAALAMU: Swali zuri. Osteopathi ni tiba iliyoanzishwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874. Alifungua chuo chake mwaka 1892 katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Anayetibu anapapasa kwa mikono misuli na viungo, anavinyoosha, anavikanda, anavizungusha taratibu.

Lakini jina hilo halina maana moja kila mahali. Marekani, aliyesoma osteopathi ni daktari kamili, anaandika dawa, hata anafanya upasuaji. Uingereza si daktari wa hospitali, ila lazima awe ameandikishwa kisheria, na kazi yake hasa ni ya mikono. Kwa hiyo ndugu zenu walio mbali, wakisikia jina hilo, waulize: umesomea wapi, na umeandikishwa?

MTANGAZAJI: Na sisi wa kambini?

MTAALAMU: Kambini ni vigumu kumkuta osteopathi. Usihuzunike. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Limetaja elimu, mazoezi na tiba ya mikono, ikiwemo kukandwa na mtu mwenye ujuzi. Limesema pia kwamba mikanda ya kufunga kiuno si ya kupewa watu hivi hivi. Mambo hayo mtaalamu wa fiziotherapia anayajua. Hujakosa tiba kwa kukosa jina.

MTANGAZAJI: Basi tuseme kuhusu wazee wetu wanaokanda na kufunga mifupa. Hao tunao, na watu wanawaamini.

MTAALAMU: Nami siwadharau. Mkono wenye upole na mafuta ya vuguvugu hulegeza misuli, na mgonjwa anajisikia ana mtu. Hiyo ni nafuu ya kweli. Tatizo ni pale anaposema mfupa umehama, akauvuta kwa nguvu, akausokota, au akakukanyaga. Ule mlio wa "ka!" unaousikia si mfupa unaorudi mahali pake. Ni mapovu ya hewa ndani ya majimaji ya kiungo. Usimlipe mtu kwa sababu ya mlio.

MTANGAZAJI: Tuna baba mmoja ambaye mtoto wake alianguka kutoka kwenye mwembe.

BABA: Mkono wake ulivimba. Tukampeleka kwa mzee anayefunga mifupa, akamfunga vijiti na kamba, akakaza. Usiku mtoto analia, anasema vidole vinakufa ganzi. Mzee alisema ni dawa inafanya kazi. Asubuhi vidole vilikuwa baridi, vimebadilika rangi. Mhudumu wa afya wa bloku yetu alipoona, alifungua kamba palepale, tukakimbia hospitali. Walituambia tungekawia, mkono ungekatwa.

MTANGAZAJI: Mzee wangu, ahsante kwa kutueleza. Tunashukuru mkono upo.

MTAALAMU: Wazazi, nisikilizeni hapa. Kilichofungwa kikawa na maumivu yanayozidi, ganzi, ubaridi, au vidole vimekuwa vyeupe au vya bluu, fungua mara moja. Usingoje asubuhi. Kisha nenda hospitali.

(Sauti ya ngoma moja, kuashiria jambo muhimu)

MTANGAZAJI: Sasa chukueni kalamu, au mwambieni mtoto aandike. Mtaalamu atataja dalili ambazo zikionekana, mtu asikandwe, asivutwe, aende hospitali siku hiyohiyo.

MTAALAMU: Ya kwanza: mgongo unauma, na mtu ameshindwa kukojoa, au mkojo au choo kinatoka bila yeye kujua, au ana ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja.

Ya pili: miguu inapoteza nguvu, au mtu anaanza kujikwaa ovyo.

Ya tatu: maumivu yalianza baada ya kuanguka, kupigwa au ajali.

Ya nne: mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu, kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Kukikanda hakukitibu. Dawa zake zipo.

Ya tano: kiungo kimoja kimevimba, ni cha moto, na mtu ana homa. Kwa mtoto usikawie hata kidogo.

Ya sita: mguu mmoja umevimba kuanzia kwenye misuli ya nyuma ya goti kushuka, unauma, una joto. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, lile bonge linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na kuua.

Na mjamzito mwenye maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka, au anayetokwa damu, aende wodi ya wazazi, si kwa mkandaji.

MTANGAZAJI: Na yule asiye na dalili hizo, afanye nini nyumbani?

MTAALAMU: Mambo matano. Moja, lala chali mkekani, kunja magoti. Vuta goti moja kuelekea kifuani, hesabu mpaka 10, shusha, fanya na la pili. Rudia mara 5, asubuhi na jioni. Mbili, ukiwa bado chali na magoti yamekunjwa, inua makalio juu taratibu, hesabu mpaka 5, shusha. Rudia mara 10. Kama maumivu yanashuka mguuni zaidi, acha, uje tukuone.

Tatu, tembea kila siku. Nne, gawanya mzigo. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja la 20 upande mmoja. Ukiinua, kunja magoti, mzigo uwe karibu na mwili. Siku ya mgao, mkisaidiana wawili gunia moja, hakuna aibu. Wanaume, maji si kazi ya mama peke yake.

Tano, dawa. Diclofenac na ibuprofen zinapunguza maumivu, lakini zinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo. Usizinunue sokoni ukazimeza kila siku. Mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza.

MTANGAZAJI: Kuna wanaosema, "Hospitali waliniambia ni mawazo tu."

MTAALAMU: Maumivu yako ni ya kweli. Lakini mwili na moyo havikai nyumba mbili. Aliyekimbia vita, aliyepoteza watu wake, asiyelala usiku, misuli yake haipumziki. Tukikuuliza kuhusu usingizi na mawazo, hatusemi unadanganya. Tunatafuta mlango mwingine wa kukusaidia.

MTANGAZAJI: Mtu afikeje kwako?

MTAALAMU: Aanze kituo cha afya cha karibu, aeleze maumivu yalianza lini, yanashuka wapi, na kazi gani zimemshinda. Aombe rufaa ya fiziotherapia. Asiyeweza kutembea, amwite mhudumu wa afya wa jamii. Una haki ya kuomba mkalimani, na mwanamke kuomba ahudumiwe na mwanamke, au akae na ndugu yake chumbani. Nikikushika, nitakwambia kwanza nashika wapi na kwa nini. Ukisema "basi", naacha. Yeyote anayekudai pesa au mwili wako ili upate rufaa, huyo amekosa. Toa taarifa.

MTANGAZAJI: Na yule mama wa kwanza?

MTAALAMU: Aje kesho kituoni. Na leo jioni aamke, atembee mpaka kwa jirani na kurudi. Huo ndio mwanzo wa matibabu.

MTANGAZAJI: Tumesikia. Mkono wa upole unasaidia, mkono wa nguvu unaumiza, na kuna dalili ambazo si za mkono kabisa, ni za hospitali. Vikundi vya wasikilizaji, maswali yenu ya kujadili leo ni haya: Katika bloku yetu, mtu akivunjika mfupa tunampeleka wapi kwanza, na kwa nini? Nani anabeba maji nyumbani kwetu, na tunaweza kugawanaje? Na je, wazee wetu wanaokanda tunaweza kuwaita, tukawasomea zile dalili sita?

Mpate nafuu wote mnaoumwa.

(Muziki wa kufunga)