Haki na Sheria katika Jina la Sumbawanga

Jina Sumbawanga hufasiriwa katika Kifipa kuwa "tupa uchawi". Fasiri hiyo imebeba dai la haki: jamii iondoe kinachoidhuru. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilishika njia nyingine; humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa John Austin, amri ya mtawala yatosha kuwa sheria. Kwa Thomas Aquinas, sheria dhalimu si sheria kamili. Mfiwa wa Ufipa anayeona sheria inamkinga mchawi humfuata Aquinas bila kumsoma. Hapo pana hatari, kwani mshukiwa mara nyingi ni ajuza asiye na mtetezi. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ilimruhusu mkuu wa wilaya kumhamisha mshukiwa pasipo hukumu ya mahakama.